Naharisha damu, daktari anauliza nalala na nani

Wakuu, leo siandiki kwa adabu. Nina kolaitisi, ule ugonjwa sugu wa vidonda kwenye utumbo mpana. Pia ni mwanamke transijenda, yaani nilizaliwa nikaandikwa mwanamume, na natumia homoni za kike. Hapa Nairobi ukiingia kwa daktari na hayo mawili, utumbo unasahaulika.

Mwanzo nilimezeshwa Flagyl, dawa ya amiba, mpaka mdomo ukawa na ladha ya chuma. Amiba, amiba, amiba. Iliposhindikana wakahamia kwenye ngono. Nimesema choo kina damu na kamasi, usiku silali, nguo zinanipwaya. Naulizwa nimelala na wanaume wangapi, naandikiwa vipimo vya magonjwa ya zinaa. Sawa, pimeni, maambukizi ya huko yapo. Lakini majibu yametoka safi, mbona hakuna aliyetaja kolonoskopi, ile kamera ya kuingizwa utumbo mpana? Hiyo ndiyo iliyosema ukweli, na niliihangaikia mwenyewe.

Sasa ugonjwa umeamka tena. Himoglobini, kile kipimo cha upungufu wa damu, 10.1. Fomu inasema mwanamume, kwa sababu kitambulisho kinasema hivyo. Daktari anatupa jicho: "Ni hizo homoni zako, acha." Ati nini? Kweli, estrojeni huishusha damu kutoka kiwango cha wanaume hadi cha wanawake. Ila hata kwa mwanamke mpaka wa chini ni 12! Iliyobaki imeenda wapi kama si chooni?

Na swali la maana hakuuliza: homoni yenyewe naitumiaje. Kolaitisi ikiwaka, damu huganda kwa urahisi ndani ya mishipa, na estrojeni ya vidonge huzidisha hatari hiyo kuliko ya kupaka au kubandika kwenye ngozi. Hapo tungekuwa na mazungumzo. Spironolaktoni, dawa yangu ya kuzuia homoni za kiume, nayo inanikojoza huku naharisha. Nani anafuatilia potasiamu yangu? Mifupa je, na hizi predinisoloni, steroidi za kutuliza kolaitisi zinazoidhoofisha? Daktari wa homoni anasema muulize wa tumbo. Wa tumbo anasema muulize yule mwenzangu. Mimi nimekuwa tarishi wa mwili wangu mwenyewe.

Mapokezi hata sijayagusa. Jina la kitambulisho linapazwa ukumbi mzima, nasimama na gauni langu, shingo zote zinageuka. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru jina la Audrey Mbugua, mwanamke transijenda mwenzetu, libadilishwe kwenye cheti chake cha KCSE. Wengine wetu bado tunaitwa majina tuliyokwisha kuyazika. Karani, kile kikaratasi ulichonipa dirishani kina namba. Ita namba!

Kuna anayemjua daktari wa tumbo, Nairobi au Mombasa, atakayekubali kumpigia mwenzake wa homoni simu moja tu? Niandikieni inboksi. Wale wa kunihubiria, jukwaa la dini liko pale pembeni.