Mrejesho: zile valvu mbili za ECC83

Wadau, niliuliza valvu zangu mbili za redio (vile vichupa vya kioo vya kukuza sauti, aina ya ECC83), zilizofutika jina, zimetoka nchi gani. Majibu nimepata, asanteni sana.

Mliniambia niache wino wa chapa, maana kampuni ziliuziana valvu na kuzipiga majina yao, nitazame kioo chenyewe. Nikamulika tochi kwa ubavu. Ya kwanza, chini karibu na pini, ina maandishi hafifu ya kijivu: I61, ambayo ni namba ya aina ya valvu, kisha B2K4, inayoonyesha kiwanda na tarehe. B ni Blackburn, kiwanda cha kampuni ya Mullard, Uingereza. 2 tarakimu ya mwisho ya mwaka, K Novemba, 4 wiki ya nne ya mwezi. Muongo hautajwi.

Ya pili ina umbo la almasi katikati ya pini, limekandwa ndani ya kioo. Hiyo ni alama ya kampuni ya Telefunken, Ujerumani! Nimefurahi mno.