Kampuni ya nje imeniletea hati ya ubia (matengenezo ya mitambo ya upepo). Nisaini?

MpandaMnara

Wakuu, habari za kazi. Nina kampuni ndogo ya kutunza mitambo ya upepo, tuko kumi na mmoja. Kazi yetu kubwa ni mabawa: tunashuka kwa kamba, tunakagua, tunaziba nyufa, tunajaza ule ukingo wa mbele unaoliwa na mvua na mchanga. Wote tuna vyeti vya usalama vya GWO (shirika la kimataifa la usalama wa kazi za upepo), na kwa kuwa vinahuishwa kila baada ya miaka miwili, siku zote kuna mtu wangu yuko darasani badala ya juu ya mnara.

Sasa, kwenye maonyesho nilikutana na kampuni ya nchi nyingine inayotengeneza resini na rangi za kukinga mabawa. Tukanywa kahawa, tukapeana kadi, wakazisifu picha za kazi zangu. Wiki mbili baadaye nimepokea hati ya makubaliano ya kurasa tatu. Kurasa mbili na nusu ni asali tupu, mara "wabia wa kimkakati", mara "kukua pamoja". Hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayoninyima usingizi. Nisitumie bidhaa za mwingine kwa miaka mitano. Niwape orodha ya wateja wangu wote. Wao "watajitahidi" kunipa mafunzo na kunitafutia kazi.

Mama watoto ndiye mhasibu wetu. Ameisoma akauliza swali moja: "Na wao wametoa nini?" Nikanyamaza.

Sitaki kuwapoteza, maana zabuni kubwa sasa zinamtaka mtu mwenye mgongo wa nje. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Upepo_Kusi

Saini mkuu. Hati ya makubaliano haimfungi mtu, ni ya kupigia picha tu. Wenzako tunakwenda Hamburg, Ujerumani, kila maonyesho ya upepo yakifika, tunarudi na begi la vipeperushi.

BiMikataba

Kusi, usimpoteze mwenzio. Kinachofunga si jina lililo juu ya karatasi, ni maneno yaliyomo. Hati nyingi za namna hiyo zina mstari mdogo karibu na sahihi unaosema haifungi, *isipokuwa* vifungu vya usiri na vya kutofanya kazi na wengine. MpandaMnara, nenda kautafute huo mstari kabla hujaendelea kusoma hapa.

Nikupe kisa changu. Nilikuwa upande wa biashara katika kampuni ya kusimamisha mitambo. Tukasaini na mtengenezaji mmoja kwamba tutauza mitambo yake peke yake kwa miaka mitatu. Miezi kumi na minane ya kwanza hatukuuza hata nati. Zabuni tatu zilipita mbele ya macho yetu, zote za maeneo ya upepo mkali, zikitaka mtambo wa daraja la 1 la IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme), yaani unaostahimili upepo wa wastani wa mita 10 kwa sekunde kwa mwaka. Mtambo wa mbia wetu ulikuwa umethibitishwa kwa daraja la 3, wastani wa mita 7.5. Yeye hakuwa na cha kuuza kwetu, na sisi tumejifunga kutouza cha mwingine! Wala hakutuficha, cheti alikuwa ametupa tangu siku ya kwanza. Sisi tulikuwa tunatazama picha za chakula cha jioni cha siku ya kusaini.

Kwa hiyo hiyo miaka mitano usiikatae, ipunguze. Waambie utafungwa kwa bidhaa moja, rangi ya ukingo wa mbele, kwa miezi kumi na miwili, na kama hawakuleta kazi ya kiwango mtakachokiandika, kifungu kinakufa chenyewe bila barua. Orodha ya wateja hapana. Mtaje yule tu mnayekwenda kumwomba kazi pamoja, mmoja mmoja. Na hilo neno "watajitahidi" lifutwe, liwekwe idadi: mafundi wangapi, siku ngapi, nauli ya nani.

Ila hayo yote ni madogo. Swali langu kwako ni hili: rangi yao ikibanduka ndani ya muda wa dhamana, nani analipa? Watakujibu haraka kwamba watakupa rangi nyingine bure. Kopo la rangi si kitu. Gharama ni timu kurudi juu, na zaidi ya hapo ni mtambo kusimama. Tuseme mwenye mitambo ameahidiwa mtambo uwe tayari kufanya kazi asilimia 97 ya mwaka. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo mnaruhusiwa kusimama saa 263 hivi, kama siku kumi na moja, na humo mna ukaguzi, giaboksi na kila kitu. Zikizidi, kuna fidia. Fidia hiyo itatua mezani kwako, kwa sababu ni wewe uliyepanda.

Anza na kazi moja ndogo ya kupima. Mtambo mmoja una mabawa matatu: moja lipake rangi yao, mengine ile uliyoizoea, halafu mvua iamue.

MpandaMnara

Shikamoo Bi. Mstari nimeuona, upo, ukurasa wa tatu chini kabisa.

Hilo la bawa moja moja mwenye mtambo hatalikubali, anaogopa mabawa yakitofautiana uzito mtambo utatikisika. Ila nina mitambo miwili jirani, juu ya kilima kimoja. Nadhani hiyo itapita.

BiMikataba

Marahaba. Ndiyo, hiyo ni bora zaidi. Piga picha za ukingo kabla, na hao wenye rangi wawepo.

Kaskazi61

Nyongeza kuhusu kumwegemea mbia mmoja. Kampuni ya AMSC ya Marekani ilikuwa inamuuzia Sinovel, mtengenezaji wa mitambo ya upepo wa China, vifaa na programu za kuendeshea mitambo, na zaidi ya theluthi mbili ya mapato yake yalitoka kwa huyo mteja mmoja. Mwaka 2011 Sinovel akakataa kupokea mizigo. Baadaye ikabainika programu ilishaibwa kupitia mfanyakazi wa tawi la Austria. Mahakama ya Marekani ilimtia Sinovel hatiani mwaka 2018, akalipa fidia ya dola milioni 57.5, lakini wakati huo AMSC ilikwishapoteza karibu ajira 700.

Si kila ubia huisha hivyo. Vestas, mtengenezaji wa mitambo wa Denmark, na Mitsubishi wa Japani waliunda kampuni ya mitambo ya baharini mwaka 2014, nusu kwa nusu. Mwaka 2020 Vestas akainunua nusu ya mwenzake, na Mitsubishi akachukua hisa asilimia 2.5 ndani ya Vestas. Wakaachana wakiwa bado wanasalimiana.

Na ugomvi wenu upelekwe kwa msuluhishi katika nchi ya tatu. Mkataba wa New York wa 1958 unafanya uamuzi wa msuluhishi utekelezeke katika nchi zaidi ya 170. Hukumu ya mahakama ya kwenu inaweza kuishia mpakani.

MpandaMnara

Mrejesho wakuu. Niliwaandikia. Miezi kumi na miwili wamekubali, tena bila kelele, nikajuta kutoomba sita. Orodha ya wateja wameiondoa. Mafunzo: mafundi wanne, siku tano, nauli nusu kwa nusu. Mitambo miwili ya kupima wameipenda kuliko nilivyotarajia.

Kwenye mtambo kusimama ndipo waliponyamaza siku nne. Sasa wamesema meneja wao wa dhamana atanipigia Jumanne. Bi, nianze na nini?

BiMikataba

Usianze wewe. Muulize rangi yao imeshabanduka wapi, na siku hiyo nani alilipa timu. Kisha kaa kimya, hata kama ni dakika nzima.