Mjadala: Balozi apekuliwe kabla ya kutangazwa au baada? Tuliangalie sakata la Mandelson

Mleta mada:

Wakuu, swali langu ni moja. Mtu akiteuliwa kuwa balozi, apekuliwe kwanza ndipo atangazwe, au atangazwe kwanza ndipo apekuliwe? Nadhani kila mmoja wetu atajibu bila hata kufikiri. Lakini serikali ya Uingereza ilifuata njia ya pili, na moto wake ulikuwa bado unafukuta mwaka 2026.

Kwa ambaye hakufuatilia: tarehe 20 Desemba 2024, Waziri Mkuu Keir Starmer alimtangaza Peter Mandelson kuwa balozi mpya wa Uingereza mjini Washington. Mandelson si mwanadiplomasia wa kazi. Ni mwanasiasa mkongwe wa chama cha Labour, mmoja wa mafundi waliomfikisha Tony Blair madarakani, na alishajiuzulu uwaziri mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 1998, kwa mkopo wa nyumba wa pauni 373,000 aliopewa na waziri mwenzake bila kuutangaza. Mara ya pili ilikuwa Januari 2001, katika sakata la maombi ya pasipoti ya mfanyabiashara tajiri kutoka India. Baadaye akawa kamishna wa biashara wa Umoja wa Ulaya, akarudi serikalini mwaka 2008, na mwisho akapewa Washington.

Alianza kazi Februari 2025. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo akafukuzwa, siku moja tu baada ya Starmer kusimama bungeni kumtetea. Kilichomwangusha ni barua pepe zake kwa Jeffrey Epstein, yule tajiri wa Marekani aliyekiri mahakamani Florida mwaka 2008 kosa la kutafuta huduma ya ngono kwa msichana mdogo, na aliyefia mahabusu New York Agosti 2019. Katika barua pepe hizo Mandelson alikuwa akimtia moyo apiganie kutoka mapema. Siku chache kabla ya hapo kilikuwa kimetolewa kitabu cha salamu za kuzaliwa cha mwaka 2003, ambamo alimwita Epstein rafiki yake mkubwa kabisa.

Sasa nije kwenye hoja. Wengi wanasema Mandelson aliidanganya serikali. Starmer mwenyewe amesema hivyo. Sawa, lakini mimi nataka tuangalie ratiba.

Kulikuwa na hatua mbili. Kwanza, Ofisi ya Baraza la Mawaziri ilifanya uchunguzi wa awali: kusoma magazeti, rekodi za umma, maslahi ya kibiashara, mambo yanayopatikana bila kumhoji mtu. Huo ulifanyika kabla ya tangazo. Pili ni upekuzi wa kiusalama wa ngazi ya juu, ule ambao mtu anakalishwa chini na kuulizwa madeni yake, mahusiano yake, safari zake, nani anamdai na nani anaweza kumbana. Huo ulifanyika baada ya tangazo, na mwishowe Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa kibali kabla hajaripoti kazini.

Yaani kadi za harusi zimeshasambazwa, ukumbi umelipiwa, ndipo unamtuma shangazi akaulizie tabia za bwana harusi. Mfalme ameshaafiki, jina limeshatangazwa dunia nzima, balozi aliyekuwepo, Karen Pierce, anajua anaondoka. Ofisa gani atashika kalamu aandike "hafai"?

Na habari zenyewe hazikuwa siri. Tangu mwaka 2023 gazeti la Financial Times lilishaandika kwamba ripoti ya ndani ya benki ya JPMorgan ilionyesha Mandelson alifikia kwenye nyumba ya Epstein ya Manhattan Juni 2009, wakati mwenye nyumba yuko kifungoni. Yeyote mwenye intaneti angeisoma.

Msimamo wangu: tangazo lisitoke mpaka upekuzi wa pili umekamilika, na mteule akae mbele ya kamati ya Bunge kabla hajapanda ndege. Karibuni, ila tusitukanane.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, ratiba ni kisingizio. Unakumbuka tarehe 4 Februari 2026? Kiongozi wa upinzani Kemi Badenoch alimuuliza Starmer bungeni, ana kwa ana, kama upekuzi ulitaja kwamba Mandelson aliendelea kuwa na uhusiano na Epstein. Jibu likawa ndiyo, ulitaja. Ndiyo ya wazi kabisa, mbele ya wabunge wake mwenyewe.

Kwa hiyo taarifa ilikuwepo mezani, na mkubwa alimtaka huyu mtu. Hata ungempekua miaka mitatu kabla ya tangazo, jalada lingesomwa, likafungwa, safari ikaendelea. Mkuu wa watumishi wa ofisi ya Waziri Mkuu, Morgan McSweeney, alipojiuzulu tarehe 8 Februari alisema wazi kwamba yeye ndiye aliyeshauri uteuzi ule na anabeba lawama. Ushauri ulitoka kwa mtu wa siasa, ukapokelewa na mtu wa siasa. Karatasi zilikuwa za kufunika kombe mwanaharamu apite.

Mchangiaji wa pili:

Mimi niko upande usiopendwa. Mnaongea kana kwamba uteuzi wa kisiasa ni uchafu kwa asili yake. Si kweli. Paul Boateng alikuwa waziri, akapelekwa kuwa balozi wa Uingereza Afrika Kusini mwaka 2005, akamaliza muda wake salama. Ed Llewellyn alikuwa mkuu wa watumishi wa David Cameron, akapelekwa Paris mwaka 2016, Uingereza haikuanguka. Mwaka 1977 Peter Jay, mkwe wa Waziri Mkuu James Callaghan, alipewa hiyohiyo Washington. Kelele zilipigwa sana, lakini kazi ilifanyika.

Tena angalieni mazingira. Trump amerudi madarakani, anatishia dunia nzima kwa ushuru. Unahitaji mtu anayejua biashara na anayeweza kuongea na matajiri bila kutetemeka. Mandelson alishamwita Trump hatari kwa dunia mwaka 2019, akaomba radhi, na bado akapokelewa. Mei 2025 alikuwa pale Ikulu ya Marekani makubaliano ya biashara yanatangazwa: ushuru wa magari ya Uingereza ukashuka kutoka asilimia 27.5 hadi 10 kwa magari 100,000 kwa mwaka. Hiyo ni ajira ya watu viwandani. Mwanadiplomasia wa kazi, balozi Kim Darroch, aliyepanda ngazi za wizara, alilazimika kuondoka Washington Julai 2019 baada ya taarifa zake za siri kuhusu Trump kuvuja. Kuwa mtaalamu nako si kinga.

Mchangiaji wa tatu:

Darroch aliponzwa na kazi yake, aliandika ukweli kwa wakubwa wake na mtu mwingine akauvujisha. Mandelson aliponzwa na rafiki yake. Usiwaweke kwenye mzani mmoja, ndugu.

Na huo mkataba wa magari, una uhakika Karen Pierce asingeupata? Alikuwa Washington tangu 2020 na watu wa Trump walikuwa wanamheshimu.

Mchangiaji wa nne:

Ndugu zangu, mniruhusu niongee nikiwa Kenya, kwa sababu huku mnachokipendekeza tayari ni sheria. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 132, inasema Rais anapendekeza jina la balozi na Bunge la Kitaifa linaidhinisha. Mteule anafika mbele ya kamati, anapigwa msasa hadharani, anaulizwa hata thamani ya mali yake, na mwananchi yeyote anaweza kupeleka hati ya kiapo kumpinga. Ni jambo zuri. Linamfanya mtu ajiandae, na yale maswali yanabaki kwenye rekodi.

Lakini msiweke matumaini yote hapo. Kamati ni hesabu ya wabunge. Upande wa serikali ukiwa na wengi, msasa unakuwa laini sana.

Hata Marekani yenyewe, Seneti ina nguvu hiyo tangu katiba yao iandikwe. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa mahoteli, George Tsunis, aliyekuwa amechangisha fedha nyingi za kampeni ya Obama, aliteuliwa kwenda Norway. Alipohojiwa mwaka 2014 alikiri hajawahi kufika huko, akazungumzia rais wa Norway, nchi yenye mfalme, na akakiita kikundi cha pembeni chama ambacho kilikuwa ndani ya serikali. Uteuzi ukakwama hadi akajiondoa mwisho wa mwaka. Mtasema mfumo ulifanya kazi. Haya, mwaka 2022 huyohuyo Tsunis akaapishwa kuwa balozi Ugiriki, na Seneti ikiwa imempitisha.

Mleta mada:

Nashukuru kwa mchango kutoka Kenya, huu ndio mjadala niliutaka. Ila mkuu, mfano wa Tsunis mimi nausoma tofauti. Angalau safari ya kwanza watu walimwona. Video ipo, Wanorway waliiona kabla hajatia mguu kwao. Kwa Mandelson, Kamati ya Mambo ya Nje ya Bunge, chini ya Emily Thornberry, iliomba kumhoji kabla hajaenda Washington. Ikanyimwa. Fikiria angeulizwa swali moja tu mbele ya kamera: baada ya Epstein kuhukumiwa, uliendelea kuwasiliana naye mpaka lini? Kudanganya kwenye barua ya ndani kwa watu wa ofisi ya Waziri Mkuu ni jambo moja. Kudanganya Bunge hadharani, huku ukijua kuna barua pepe zako mahali fulani Marekani, kunahitaji roho ngumu zaidi. Pengine angejitoa mwenyewe, na Starmer angekuwa na amani.

Kwa mchangiaji wa kwanza: nakubali mkubwa alimtaka. Ndiyo maana nang'ang'ania ratiba. Mkubwa anayemtaka mtu hazuiwi na jalada, anazuiwa na gharama. Kabla ya tangazo, kumwacha mteule hakugharimu kitu, unamnong'oneza tu kwamba haitawezekana. Baada ya tangazo, kumwacha ni aibu ya kitaifa mbele ya Marekani, wiki chache kabla Trump hajaapishwa. Ukimtangaza kabla ya upekuzi unakuwa umejifunga mikono kwa makusudi.

Na huyu wa pili, Boateng na Llewellyn nawakubali. Sijasema wanasiasa wasiteuliwe. Nimesema wapekuliwe kama wengine, kwa mpangilio uleule.

Mchangiaji wa tano:

Kuna kitu hamjakigusa na nadhani ndicho kigumu kuliko vyote. Upekuzi wa kiusalama unategemea mtu aseme ukweli akijua hautatoka nje. Pale mtu anaeleza madeni, ugonjwa, ndoa iliyovunjika, mambo ambayo hata ndugu zake hawajui. Lengo si kumwaibisha, lengo ni kwamba adui asije kumtisha nayo. Siku wabunge wakianza kusoma majalada yale, watumishi wa kawaida, si Mandelson, wataanza kuficha. Na mtu anayeficha ndiye hatari.

Hilo liliwakuta Waingereza Februari 2026. Bunge liliibana serikali itoe nyaraka zote za uteuzi ule. Serikali ikataka yenyewe ichuje zinazogusa usalama wa taifa. Wabunge wa Labour wenyewe wakagoma, akiwemo Angela Rayner aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu, mpaka ikakubaliwa kwamba nyaraka nyeti zipitiwe na Kamati ya Bunge ya Ujasusi na Usalama. Hiyo ni dawa ya dharura, si utaratibu wa kufanya kila mwezi.

Mleta mada:

Hoja nzito. Jibu langu: kamati isione jalada kabisa. Ielezwe mambo mawili tu, kwamba upekuzi umekamilika, na nani aliyeamua kutoa kibali baada ya kusoma matokeo. Wapekuzi wanapendekeza, wizara inaamua. Huyo anayeamua awe na jina, na jina hilo lijulikane siku ya tangazo, tusije kulitafuta siku ya kufukuzana. Madeni na ndoa za watu zibaki kabatini.

Mchangiaji wa kwanza:

Jina la anayeamua, hapo nakuunga mkono. Kwa sababu tazama mlolongo ulivyokwenda. Nyaraka za Epstein zilipotolewa na Wizara ya Sheria ya Marekani tarehe 30 Januari 2026, ikaonekana kama vile Mandelson alimpelekea taarifa za ndani za serikali alipokuwa waziri miaka ya 2009 na 2010. Akajitoa Labour, akaacha kiti chake katika baraza la malodi (baraza la juu la Bunge la Uingereza), polisi wa London wakafungua uchunguzi, na tarehe 23 Februari wakamkamata. Msimamo wake ni kwamba hakutenda jinai, na hilo tuwaachie wapelelezi. Ila kwenye upande wa uteuzi, kila ofisi ilikuwa inaonyesha kidole ofisi ya jirani.

Mchangiaji wa pili:

Basi nami niwaachie swali. Desemba 2025 Uingereza ilimtaja Christian Turner kuchukua nafasi ile. Ndugu zetu wa Kenya wanamfahamu, alikuwa balozi wao wa Uingereza Nairobi kuanzia 2012 hadi 2015, kisha akaenda Pakistan. Mtu wa kazi, hana kelele. Kwa kanuni ya mleta mada naye akae mbele ya kamati kama Mandelson. Je, kuna mbunge angefika kwenye kikao hicho?

Mchangiaji wa nne:

Nairobi tungekuja, tuna maswali yetu ya visa.