Naomba ushauri: boksi la plastiki na joto la chatu

Ndugu zangu, ninaishi Minneapolis, Marekani, ambako baridi ya Januari haina utani, nami ninafuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringa kama mpira akiogopa. Anakaa katika boksi la plastiki la lita 60, lenye mkeka wa umeme chini ya upande mmoja, unaodhibitiwa na themostati (kifaa cha kurekebisha joto) niliyoiweka nyuzi 32 za Selsiasi. Juzi kihisio chake, kile kinachopima joto, kilichomoka, nikakuta sakafu imefika nyuzi 43 na plastiki imeanza kubonyea. Bahati nzuri mwenyewe alikuwa ameshahamia upande wa baridi. Je, kihisio nikibandike kati ya mkeka na boksi, au ndani kabisa? Au ninunue kizimba cha PVC (plastiki ngumu) chenye kipasha joto kwenye dari, ingawa nahofia hewa itamkaukia wakati wa kujivua gamba?