Mrejesho: mashine ya boti iliyokuwa inazima kwenye slo
Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kuhusu mashine yangu ya HP 15 tu-stroki, ukiipa mafuta inakimbia fresh ila ukirudisha slo (ule mngurumo wa chini bila kuipa mafuta) inazima, ukivuta choki kidogo inatulia. Uliyesema jeti ndogo (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli ya slo) imeziba, ulipiga mulemule. Nimefungua kabureta juzi, kikombe cha chini kina uchafu wa kijani na matone ya maji, na hiyo jeti ukiielekeza juani huoni mwanga kabisa. Fundi wa hapa pwani alitaka kuichokonoa na waya nikamkatalia, tundu likipanuka ndo basi tena, nikailoweka kwenye petroli usiku kucha, asubuhi nikaipiga upepo kwa kompresa ya jamaa wa pancha, mwanga huo! Skrubu ya slo (ile ya kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli) nikaikaza taratibu hadi mwisho (usilazimishe, ncha inaharibika) nikalegeza mzunguko mmoja na nusu, nikaja kuimalizia boti ikiwa majini, mashine ya moto na gia imeingia. Jana tumevuta nyavu karibu saa nzima, haijazima hata mara moja. Moshi bado mwingi, nahisi nilizidisha oili, dumu lijalo napima 50 kwa 1 (petroli lita 50 kwa oili lita 1) vizuri.