Mawasiliano ya simu na data baharini kati ya Tanga, Pangani na Bagamoyo: tujiandaeje?

Mkazi wa Chumbageni, Tanga

Salaam, ndugu zangu. Kaskazi itakapoanza kuvuma tunakusudia kushuka na mashua yetu kutoka Tanga hadi Bagamoyo, watu wanne, kwa mwendo wa polepole, tukilala Kigombe, Pangani na popote penye nanga salama kabla ya Saadani. Mashua ina tanga, injini ya kupachika nyuma, na betri moja ya volti 12. Mwenzetu mmoja ni mhasibu ambaye kazi yake haiwezi kusimama, hivyo anahitaji kutuma mafaili kila jioni. Nami nina mama mtu mzima nyumbani, ambaye asiposikia sauti yangu kwa siku nzima hupatwa na wasiwasi mkubwa. Tuna laini za mitandao miwili tofauti. Naomba kueleweshwa: mtandao hushika hadi umbali gani kutoka ufukweni, tufanye nini mahali pasipo na mnara, na je, kuna haja ya kuingia gharama ya simu ya setilaiti? Baadaye tungependa pia kuvuka hadi Pemba.

Nahodha wa Pangani

Ndugu yangu, karibu sana Pangani. Jambo la kwanza ni kuitazama pwani yenyewe. Minara hufuata watu na barabara, na barabara kuu ya kutoka Tanga kwenda Chalinze hupita Segera, mbali kabisa na bahari. Kwa hiyo kuanzia Tanga hadi Pangani, ambako vijiji vinafuatana, usiwe na hofu kubwa ukitembea karibu na nchi. Ukishavuka mlango wa Mto Pangani na kuiacha Ushongo nyuma, vijiji huanza kuachana, na mbele yako ipo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambayo ni makazi ya wanyama kuliko ya watu. Hapo mpaka ukaribie Bagamoyo, uhesabu saa nyingi za kimya, na kila linalohitaji intaneti liwe limekamilika kabla hujang'oa nanga Pangani.

Mhasibu wenu apange kazi yake kwa vituo, si kwa siku. Ajione kuwa yuko ofisini mkiwa Kigombe na Pangani mjini, kisha awaeleze wakubwa wake mapema kwamba faili linalofuata litatoka Bagamoyo. Bando na salio vinunuliwe mkiwa nchi kavu, kwa sababu menyu za malipo ya simu hudai mawasiliano yasiyokatika hadi hatua ya mwisho, na mtandao ukiwa dhaifu hukatika katikati. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomeni kila mnapopata mtandao, mwandike kwenye karatasi. Ramani nazo zipakueni kabla, maana GPS ya simu hupokea kutoka setilaiti moja kwa moja bila kutumia data. Kinachokosekana mtandao unapokatika ni picha ya ramani, wala si mahali ulipo.

Fundi Redio, Bagamoyo

Niongezee upande wa ufundi, kwa kuwa swali la umbali linastahili jibu lenye hesabu. Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka ilhali dunia imepinda, hivyo kinachoamua kwanza ni urefu wa mnara na urefu wa antena yako. Chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, uzidishe kwa 4.1, utapata kilomita. Mnara wa mita 49 hufika takriban kilomita 29. Simu iliyoshikwa mita 1 juu ya maji huongeza kilomita 4, lakini ikipandishwa mita 9 mlingotini huongeza 12. Ndiyo sababu mabaharia wengi huitia simu ya pili katika mfuko usiopitisha maji, wakaipandisha kwa henza (kamba ya kupandishia tanga) ikiwa inagawa intaneti, na kuitumia kupitia simu iliyo chini. Njia hiyo ni rahisi na inasaidia kweli mkiwa mmetia nanga.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya hali njema. Antena nyingi huelekezwa kwenye makazi, nazo huinamishwa kidogo, hivyo baharini hufika mabaki tu. Mtandao wa 2G una ukomo mwingine wa takriban kilomita 35, kwa kuwa mfumo wake hauwezi kurekebisha ucheleweshaji wa mawimbi uliozidi hapo, hata kama simu inaonyesha inashika vizuri. Mkiwa pembezoni, ilazimisheni simu ibaki kwenye 2G na mtume ujumbe mfupi wa maandishi, ambao hupenya mahali ambapo kupiga simu kunashindikana. Mtandao ukipotea kabisa, wekeni hali ya ndegeni, kwa sababu simu inayotafuta mnara bila kupata humaliza chaji haraka mno. Paneli ya jua ya wati 50 inawatosha kwa simu zote nne, kwani betri ya simu ya kawaida hubeba takriban wati-saa 19 tu.

Mkondo wa Pemba una upana wa takriban kilomita 50, na safari ya kutoka Tanga ni ndefu zaidi ya hapo. Katikati msitegemee simu. Mkielekea kaskazini upande wa Moa, zimeni data ya nje ya nchi, maana minara ya Kenya iko karibu na gharama zake ni nyingine.

Kuhusu setilaiti, kwa safari ya kuambaa pwani ningeziweka fedha hizo kwanza kwenye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya baharini. Simu humfikia mtu mmoja ambaye huenda yuko mjini na hana chombo. Wito wa dharura katika chaneli 16, masafa ya 156.8 MHz, husikiwa na kila aliye karibu mwenye redio iliyowashwa kwenye chaneli hiyo, wakiwamo wenye uwezo wa kuwafuata. Ulizieni kibali chake TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, mapema.

Mkazi wa Chumbageni, Tanga

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Suala la kazi limenielea, na redio tutanunua. Limebaki la mama. Nikimwambia kuwa nitanyamaza kwa siku nzima, sijui nitamtuliza vipi.

Mke wa Baharia, Mikanjuni

Mwanangu, hilo acha nilijibu mimi, kwa sababu ndiye ninayebaki nchi kavu. Kinachotuumiza si ukimya, ni kutojua kama ukimya huo ulitarajiwa. Usimwahidi mama kumpigia kila siku, maana ahadi hiyo minara haitakuruhusu kuitimiza. Mwandikie karatasi: jina na rangi ya mashua, idadi ya watu, mtalala wapi usiku upi, ni mahali gani hamtapatikana, na saa ambayo mkishafika Bagamoyo mtapiga. Ongeza saa ya mwisho ya kungoja, iwe na nafasi ya kutosha kwa upepo mbovu, pamoja na namba za watu wa kupigiwa saa hiyo ikipita: mtu mmoja wa Pangani, mmoja wa Bagamoyo, na polisi. Nakala ya karatasi hiyo mpe pia kijana aliye karibu na mama, anayeweza kupiga simu hizo bila kutetemeka.

Mkibadilisha njia mkiwa bado mnashika mtandao, tumeni ujumbe kabla ya kuondoka, na msing'oe nanga mpaka kijana huyo ajibu kwamba ameupata.