Ushauri: kipokezi cha kunasa milipuko ya Jua kwa klabu ya sayansi ya sekondari, tuanzie wapi?

Mwl_Fizikia (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Klabu ya sayansi ya sekondari inataka kufuatilia hali ya hewa ya anga za juu (yaani athari za Jua kwa Dunia) kwa vipimo vyake yenyewe, siyo kusoma tu taarifa za mtandaoni. Kilichopo ni kompyuta moja ya mezani inayoweza kuachwa imewaka, intaneti ya kusuasua, na wanafunzi wanaojua kulehemu kidogo.

Naomba ushauri kwa haya:
1. Kati ya kipokezi cha mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana (VLF) na magnetomita (kipima uga wa sumaku), kipi kitangulie?
2. Antena itengenezweje, na kadi ya sauti iliyomo kwenye kompyuta inatosha?
3. Watatofautishaje mlipuko wa Jua na kelele za umeme wa jengo?
4. Kuna njia ya kuwafundisha kutabiri, kisha kupima kama utabiri wao una thamani yoyote?

Masafa_ya_Chini

Mwalimu, tangulia na VLF. Mwanga wa Jua mchana hutengeneza tabaka D la ionosfia (sehemu ya juu ya angahewa yenye elektroni huru), kilomita 60 hadi 90 hivi kutoka ardhini. Vituo vya kijeshi vinavyowasiliana na nyambizi hurusha mawimbi ya kHz 15 hadi 30, nayo husafiri maelfu ya kilomita yakidundadunda kati ya ardhi na tabaka hilo. Mlipuko ukitokea, eksirei za urefu wa nanomita 0.1 hadi 0.8 huongeza elektroni huru katika tabaka D, kimo cha kuakisi hushuka, na nguvu ya kituo unachokisikiliza hubadilika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo hupimi Jua moja kwa moja. Unapima kituo cha mbali, na ionosfia ndiyo inayokupa habari.

Antena ni fremu ya mbao yenye umbo la mraba, upande mita 1. Zungushia waya wa shaba wenye ganda la plastiki, kipenyo cha shaba kama mm 0.5, mizunguko 30. Huo ni waya wa mita 120. Kwa waya uleule ukitumia fremu ya nusu mita utapata mizunguko 60, lakini jumla ya eneo (mizunguko mara eneo la fremu) inakuwa 15 badala ya 30, yaani mawimbi unayopata ni nusu. Kama nafasi ipo, panua fremu, usiongeze mizunguko. Misumari na pembe za chuma visitumike kushikilia waya.

Ukimaliza pima ukinzani kwa multimita: ohmu 10 hivi ndiyo sawa. Isiposoma chochote, waya umekatika mahali, mara nyingi pale kwenye kona ulipovutwa sana. Ikisoma ohmu 3 au 4, ganda limechunika na mizunguko imegusana.

Antena hii inasikia zaidi upande wa ubavu wake. Ukisimama ukaiona kama dirisha lililo wazi mbele yako, kituo kilicho mbele yako hakisikiki vizuri, bali kilicho kushoto au kulia kwako. Wengi huigeuza kinyume, wakalaumu amplifaya.

Vituo vya kujaribu: VTX ya India 18.2 kHz, NWC ya Australia 19.8, ICV ya Italia 20.27, JJI ya Japani 22.2, DHO38 ya Ujerumani 23.4, NAA ya Marekani 24.0. Chagua viwili au vitatu vya pande tofauti, ili kimoja kikiingia usiku kingine njia yake iwe bado na jua. Kituo kilicho karibu sana usikitegemee, kwa sababu wimbi linalotambaa ardhini linameza lile lililopita juu.

Kompyuta_Kuukuu

Kwa kadi ya sauti, iliyomo ndani inatosha, haina haja ya kununua nyingine. Nyingi zinachukua sampuli 48,000 kwa sekunde.

Waya_na_Risasi

Hapana mkuu, hapo utampoteza mwalimu. Sampuli 48,000 kwa sekunde mwisho wake ni nusu yake, kHz 24, na chujio la ndani ya kadi huanza kukata kabla ya hapo. NAA iko 24.0 kamili, hutaiona. DHO38 ya 23.4 itakuja imedhoofika. Kilicho juu ya 24 kikipenya chujio hujikunja na kutokea mahali ambapo hakipo: kituo cha 25.2 kitaonekana 22.8, na wanafunzi watarekodi mzimu wiki nzima. Kama watabaki na VTX, NWC na ICV tu, sawa, 48,000 itawafaa. Zaidi ya hapo tafuta kadi ya USB ya sampuli 96,000. Soma maelezo yake kwa makini, maana zipo zinazotangaza 96,000 lakini ni upande wa kutoa sauti, upande wa kuingiza umebaki 48,000.

Mwalimu, mambo manne ya kuunganisha:

Tundu la maikrofoni lina volti ndogo ya mkondo mnyoofu (DC) kwa ajili ya kuendesha maikrofoni. Koili ya ohmu 10 italazimisha volti hiyo kwenda chini. Weka kapasita ya mikrofaradi 1 mfululizo na waya wa antena. Kama kadi ina tundu la kuingiza laini, haihitaji, ila tundu hilo hupokea kwa unyonge na hapo amplifaya ndogo inakuwa ya lazima.

Diodi mbili za 1N4148, zikielekeana kinyume, zipite sambamba na mlango wa kuingilia. Hizo zinalinda kadi radi inapopiga mbali. Radi ikiwa karibu, chomoa antena kabisa, diodi haziokoi kitu hapo.

Kebo kutoka antena hadi kompyuta iwe koaksia, na ganda lake liunganishwe na ethi upande mmoja tu. Ukiunganisha pande zote mbili unatengeneza mzunguko wa ethi, na mngurumo wa umeme wa jengo utajaza rekodi.

La nne ndilo linalosahaulika: ndani ya mipangilio ya sauti zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe, yaani kupandisha sauti kiotomatiki, kupunguza kelele, kuondoa mwangwi. Kazi ya vitu hivyo ni kuifanya sauti iwe sawa muda wote, nawe unatafuta mabadiliko ya nguvu. Grafu itatoka tambarare na mtadhani Jua limelala.

Programu yoyote inayochambua spektra itafaa. Kwa sampuli 96,000, uchambuzi wa nukta 1,024 unatoa hatua za hezi 93.75, na hiyo ni finyu vya kutosha kutenganisha vituo vilivyopishana hezi 200, kama GBZ ya Uingereza (19.6) na NWC (19.8). Hifadhi wastani mmoja kila sekunde 5. Ni mistari 17,280 kwa siku kwa kila kituo, faili dogo tu. Chuo Kikuu cha Stanford kina mradi uitwao SuperSID wenye programu ya wazi ya kazi hiihii, anzieni hapo badala ya kuandika yenu.

Mwl_Fizikia

Asanteni sana, nimeelewa la antena na kadi. Sasa naomba tuje kwenye grafu yenyewe. Wataangalia nini?

Masafa_ya_Chini

Kwanza wajue siku tulivu inafananaje. Wiki mbili za mwanzo msitafute mlipuko wowote. Chapisheni grafu za kila siku mzibandike ukutani moja juu ya nyingine. Wataona mabonde makali alfajiri na jioni, wakati mpaka wa mchana na usiku unapita kwenye njia ya wimbi, mchana wenye mteremko laini, na usiku wenye kutikisika. Umbo hilo hujirudia kila siku, likisogea kidogo kufuata majira.

Mlipuko una sura yake: unapanda haraka kwa dakika chache, kisha unarudi polepole kwa nusu saa au zaidi. Muhimu, wakati mwingine nguvu *hushuka* badala ya kupanda, kwa sababu mawimbi yaliyopita njia tofauti hufika yakipingana. Wasitupe tukio kwa vile tu limeelekea chini. Kinachotambulisha ni mwanzo mkali na mwisho mvivu. Kilele chenu pia kitachelewa dakika kadhaa nyuma ya kilele cha eksirei, kwa kuwa elektroni zilizoongezeka huchukua muda kuungana tena na ayoni.

Vya kukataa ni hivi:

– Mstari kudondoka wima hadi kwenye kelele na kubaki tambarare: kituo kimezimwa kwa matengenezo.
– Mwiba wa sampuli moja au mbili: radi.
– Vituo vyote kupanda kwa pamoja na kwa kiwango kilekile: kuna kifaa kimewashwa jirani. Watuhumiwa wa kwanza ni chaja za simu, balbu za LED na kifaa cha kupunguzia mwanga wa taa.

Kwa hilo la mwisho kuna mtego mzuri. Pamoja na vituo vyenu, rekodini masafa moja ambayo hayana kituo chochote. Hayo yakipanda, tatizo liko ndani ya jengo. Mlipuko wa Jua hauwezi kuinua masafa matupu kwa namna hiyo.

Halafu mlinganishe na kipimo cha eksirei cha setilaiti za GOES, ambacho NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, hukitoa bure mtandaoni. Milipuko hupangwa kwa madaraja: C1 ni wati 10⁻⁶ kwa mita ya mraba, M1 ni 10⁻⁵, X1 ni 10⁻⁴. Kipokezi cha aina hii huona M bila shida na C kubwa mara nyingi. Vya usiku hakivioni kabisa. Tabaka D halipo upande huo, wala eksirei hazifiki.

Saa ya kompyuta iwe UTC (saa ya pamoja ya dunia nzima) na ijisahihishe kwa mtandao. Daftari nalo liwe UTC, kwa tarakimu nne. Mmoja ataandika 7:10 akimaanisha mchana, mwenzake 13:10, na tukio ni lilelile.

Sindano_ya_Dira

Naona magnetomita imesahauliwa, niitetee kidogo. VLF inawaonyesha mlipuko, haiwaonyeshi dhoruba ya sumaku, yaani uga wa sumaku wa Dunia unapotikiswa. Ni vitu viwili, na watu wanavichanganya kila siku. Mwanga na eksirei hufika kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi. Wingu la plazma (gesi yenye chaji za umeme) linalorushwa na Jua huchukua siku 1 hadi 3, lile la kasi sana chini ya siku moja, na likifika athari yake hutegemea zaidi uga wake wa sumaku umeelekea wapi. Ukielekea kusini, milango ya ngao ya sumaku ya Dunia iko wazi. Ukielekea kaskazini, wingu kubwa linaweza kupita bila kishindo.

Mfano wa darasani ni Mei 2024. Tarehe 10 ilianza dhoruba ya kiwango cha G5, cha juu kabisa, ya kwanza ya kiwango hicho tangu Oktoba 2003. Siku nne baadaye kundi lilelile la madoa ya Jua likatoa mlipuko wa X8.7, mkubwa kuliko yote iliyotangulia dhoruba ile, na dhoruba ya namna ile haikufuata. Kundi lilikuwa limeshafika ukingoni mwa Jua, halituelekei tena.

Sasa ugumu wake. Uga wa Dunia ni nanotesla 25,000 hadi 65,000, na dhoruba kubwa katika latitudo za chini huushusha kwa mia kadhaa tu. Kihisi cha simu hakifai. Kihisi cha RM3100 kinafaa mkichukua wastani wa vipimo vingi, lakini joto likibadilika nacho hubadilika. Kifukieni kama mita moja ardhini ndani ya bomba la plastiki lililozibwa, mbali na maegesho, nondo na uzio wa waya. Karibu na ikweta ya sumaku kuna mkondo wa umeme angani ambao kila mchana unaweza kusogeza kipimo zaidi ya nanotesla 100 bila dhoruba yoyote, kwa hiyo nako siku tulivu zije kwanza. Nakubali iwe ya pili, mwalimu, ila isiachwe.

Namba_Hazidanganyi

La utabiri halijajibiwa, na kwangu ndilo lenye somo kubwa.

Swali la kila siku liwe moja na lisilo na utata: "Je, kesho kati ya 00:00 na 24:00 UTC kutakuwa na mlipuko wa M1 au zaidi?" Kila mwanafunzi aandike uwezekano kwa asilimia, siyo ndiyo au hapana. Wafunge majibu kabla ya kusoma utabiri wa siku tatu wa NOAA, ambao hutoka 00:30 na 12:30 UTC, vinginevyo mtakuwa mnapima uwezo wa kunakili.

Alama: chukua uwezekano kama desimali, toa 1 ikiwa tukio lilitokea au 0 ikiwa halikutokea, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Aliyesema 30% na tukio likatokea anapata 0.49, lisipotokea 0.09. Ndogo ndiyo nzuri. Anayesema 50% kila siku atapata 0.25 daima, huyo hajui kitu na namba inamwanika. Wastani wa siku moja mbili hauna maana, subirini angalau mwezi.

Wawekeni na washindani wawili wasiotumia akili. Wa kwanza anasema 100% kama leo kulikuwa na M1, na 0% kama hakukuwa. Wa pili anataja kila siku asilimia ya siku zenye M1 katika siku 90 zilizopita. Huyu wa pili ni mgumu kumshinda kuliko anavyoonekana, na wanafunzi wakimshinda kwa miezi mitatu mfululizo mjue wanasoma madoa ya Jua kweli. Maana hapo itabidi waangalie ukubwa wa kundi, kama sumaku zake zimechanganyika, na kama linaingia au linatoka upande wa Jua unaotuelekea.

Kwa dhoruba za sumaku ulizeni Kp (kipimo cha mtikisiko wa sumaku ya Dunia, 0 hadi 9) kufika 5. Hapo kuna mshindani wa tatu: Jua likitazamwa kutoka Duniani huzunguka kwa siku 27 hivi, kwa hiyo tundu la korona (eneo la angahewa ya Jua linaloachia upepo wa chembe) lililoleta upepo mkali huweza kurudi na upepo uleule. "Kesho itakuwa kama siku 27 zilizopita" ni utabiri wa kijinga unaofanya kazi vizuri miaka ambayo madoa ni machache, na hovyo kabisa Jua likichachamaa.

Mwl_Fizikia

Hili la alama nimelipenda. Swali la mwisho: umeme ukikatika katikati ya siku, rekodi ya siku hiyo itupwe?

Waya_na_Risasi

Isitupwe. Acheni pengo likae kama pengo. Msijaze kwa sifuri wala kwa wastani, maana sifuri itasomeka kama kituo kimezimwa. Wekeni kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi (ipo kwenye mipangilio ya BIOS), programu ianze pamoja nayo, na saa isahihishwe kabla rekodi haijaendelea. Mkitumia kifaa cha betri cha kushikilia umeme, kiwekeni mita kadhaa kutoka kwenye antena, nacho kinapiga kelele za masafa hayahaya.